Kufundisha kutumia maktaba na kutafuta habari kwa michezo: maswali ambayo walimu wa Dodoma hawaachi kuniuliza

Mbukwenyi! Mimi ni mkutubi, niko Dodoma mjini, na kila nikikutana na walimu, iwe Makole, Nkuhungu au huko Chamwino, naulizwa yaleyale. Nimeyaweka yote hapa ili mtu asome anachokihitaji, na pale jibu linapogusana na lingine nimekuelekeza pa kwenda badala ya kurudia.

## MAMBO YA MWANZO

Stadi za habari ndio nini? Si kujua kusoma tu?

Hapana, ni zaidi ya kusoma. Ni kugundua kwamba hapa kuna kitu sikijui, kujua kilipo, kukipata, kukipima kama ni cha kweli, alafu kukitumia bila kuiba kazi ya mtu. Kwa Kiingereza jina lake lilianza kutumiwa na Paul Zurkowski wa Marekani mwaka 1974, na yeye alikuwa anawaza watu wa makazini zaidi kuliko shule.

Chukua mtoto wa fom tuu kaulizwa kwanini zabibu inastawi Dodoma na haistawi kila mahali. Kuna anayesubiri mwalimu aandike ubaoni, na kuna anayenyanyuka kwenda kutafuta. Wote wawili wanajua kusoma vizuri tu, ila huyo wa pili ana kitu ambacho wa kwanza hajapewa.

Kwanini kwa michezo? Si niwaelezee tu?

Waelezee, haikatazwi, ila jiulize wanabaki na nini. Nimefanya miaka mingi ile semina ya fom wani, watoto 80 wamejazana, mimi nimesimama mbele nanyoosha kidole "hapa ni mia sita, pale ni mia tisa", wote wanaitikia ndiyoo, wiki ijayo mmoja anakuja kaunta anauliza vitabu vya historia viko wapi na amesimama navyo mgongoni kwake. Sio kwamba ni mzembe. Hakuwahi kupata nafasi ya kujaribu, akosee, ajaribu tena, na mchezo unampa nafasi hiyo bila aibu, maana kwenye mchezo kukosea ni kawaida.

Na hiki sio kitu cha wazungu. Sisi tumefundishwa kufikiri kwa "Kitendawili!" "Tega!", na ukishindwa unatoa mji unapewa jibu. Bao nalo limefundisha hesabu watu ambao hawajawahi kukaa darasani.

Nitajuaje mchezo wangu unafundisha au unapoteza muda?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo. Jiulize: je, mtoto anaweza kushinda bila kutumia ile stadi? Kama anaweza, huo ni mchezo tu, hata kama umeandika neno maktaba juu yake. Fumbo la maneno lenye "katalogi" (ile orodha ya vitabu vya maktaba) na "azima" ndani yake linafundisha tahajia. Mbio za kwenda kuchukua kitabu zinafundisha mbio.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mchezo wangu wa kwanza niliwapa timu orodha ya vitabu kumi, timu ya kwanza kurudi na vyote inapata soda. Basi wenye miguu wakashinda, na mbaya zaidi kuna timu waliona njia rahisi, wakawa wanachomoa vitabu ambavyo timu nyingine wanavitafuta wanavisukuma nyuma ya shelfu lingine. Nilikaa siku mbili napanga upya. Watoto walifanya kile mchezo ulichowalipa kufanya, kosa lilikuwa langu mimi niliyeweka sheria. Nilivyourekebisha iko kwenye swali la kuwinda vitabu, hapo chini.

Kitu cha pili ni maongezi baada ya mchezo. Dakika kumi za mwisho kaeni chini, waulize: ulijuaje pa kwenda, ulikwama wapi, ungeanza tena ungefanyaje. Ukiruka hapo umefuta nusu ya faida, kwa sababu mtoto anaweza kufanya kitu sahihi bila kujua amefanya nini.

Nahitaji vifaa gani, na bajeti?

Manila, makapeni, mkasi, vifuniko vya soda na kokoto. Basi. Ila kama unachezea nje, miezi ya upepo mnaijua wenyewe hapa Dodoma, kadi zinapaa mpaka kwa jirani, kwa hiyo kila kadi iwekewe kokoto au andika namba kwenye vifuniko moja kwa moja.

## SHELFU NA NAMBA

Zile namba za mgongoni kwa kitabu nawaelezaje bila kuwachosha?

Shule nyingi na maktaba za mkoa ukikuta namba tupu ujue ni mfumo wa Dewey, uliotoka mwaka 1876, ametunga Melvil Dewey wa Marekani. Elimu yote imegawanywa mafungu kumi kuanzia 000 mpaka 900: dini 200, mambo ya jamii 300, lugha 400, sayansi 500, ufundi na kilimo na tiba 600, sanaa na michezo 700, fasihi 800, historia na jiografia 900.

Mimi nawaambia ni kama anwani za makazi, ile namba iliyobandikwa mlangoni kwenu. 600 ni wilaya, 630 kilimo ni kata, 634 matunda ni mtaa, 634.8 ni nyumba ya zabibu. Ukisema hivyo mtoto wa Dodoma anaelewa papo hapo, na anataka kujua nyumba ya mbuzi iko wapi (636.39), mpira wa miguu je (796.334), Kiswahili (496.392), historia ya Tanzania (967.8). Waache waulize wenyewe, wakutafutie wenyewe. Hicho tayari ni kitendawili: unasema "nakaa 796.334", wao wanatega masikio alafu wanakimbilia shelfu kuona wewe ni nani.

Wanakosea wapi hasa?

Kwenye nukta. Asilimia kubwa ya vitabu ninavyovikuta vimerudishwa vibaya ni nukta. Waandikie namba hizi nne: 634.11 ni tufaha, 634.44 embe, 634.772 ndizi, 634.8 zabibu. Wapange. Karibu darasa zima watakwambia ndizi iwe ya mwisho maana mia saba sabini na mbili ni kubwa kuliko nane. Kumbe zabibu ndio ya mwisho, kwa sababu baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja, saba dhidi ya nane, nane kubwa, kesi imeisha.

Mchezo wake unaitwa Foleni. Kila mtoto anapewa kadi moja yenye namba, anaiweka kifuani, alafu kumi na watano wajipange bila kuongea hata neno. Ukimya ndio siri yenyewe, kwa sababu akiongea yule anayejua ndio atawapanga wenzake wote, wakinyamaza kila mmoja analazimika kulinganisha yake na ya jirani. Wakimaliza, darasa lililobaki linakagua, na kila kosa watakaloona wanapata pointi. Anza na namba nzima, ongeza nukta moja, mwisho weka namba zinazofanana ila herufi za jina la mwandishi zinatofautiana. Kipindi cha dakika 40 kinatosha raundi tatu na maongezi.

Na ule mchezo wa kuwinda vitabu, nauwekaje usiwe mbio na vurugu?

Mambo matatu niliyobadilisha baada ya yale yaliyonikuta. Kwanza hakuna kitabu kinachobebwa mbali na shelfu lake, mnasoma kitu ndani yake mnaandika mnakirudisha palepale, na kitabu kikikutwa mahali sipo timu inapoteza pointi, kwa hiyo kurudisha vizuri kumekuwa sehemu ya kushinda. Pili, sikupi jina la kitabu, nakupa shida: "Bibi yako Mvumi mbuzi wake wanakohoa, tafuta kitabu kinachoweza kumsaidia, niandikie ukurasa." Hapo miguu haisaidii, lazima uwaze mbuzi yuko fungu gani. Tatu, kila timu inaanza na swali tofauti wasirundikane sehemu moja.

Muda usiwe kipimo cha kwanza. Mimi natoa pointi mbili kwa jibu sahihi, moja kwa kueleza mlifikaje, na muda unaangaliwa mkifungana tu.

Sisi hatuna maktaba, tuna kabati moja na vitabu vya kiada. Tunafanyaje?

Inatosha kabisa. Kitabu kimoja kina maktaba ndani: yaliyomo mbele, faharasa (orodha ya maneno na kurasa zake) nyuma, vichwa vya habari, maelezo ya picha. Wagawe wawili wawili, kitabu kimoja, uliza maswali ambayo mengine jibu lake linapatikana haraka kwa yaliyomo na mengine kwa faharasa, na kabla ya kufungua waseme wataanzia mbele au nyuma. Ndio wanabeti lakini wanabeti pointi (kuhusu neno hilo angalia swali la wazazi chini kabisa). Kuna shule nimekwenda upande wa Bahi hawakuwa na shelfu hata moja, na watoto walielewa faharasa vizuri kuliko wengi wa mjini.

Fom wani Kiingereza hakijakaa, na vitabu vingi ni vya Kiingereza.

Mchezo uchezwe kwa Kiswahili, hilo halina mjadala. Ila faharasa ya Kiingereza haimjui mbuzi, inamjua goat. Kwa hiyo kabla ya kuwinda weka mchezo wa jozi, kadi zimefunikwa, moja ina neno la Kiswahili nyingine la Kiingereza, ukizipata zinazolingana unazibeba, na hizo ulizobeba ndizo utakazoruhusiwa kutafutia. Mtoto anaona mwenyewe kwamba neno ni ufunguo.

Nina wanafunzi wa chuo, wataona ni utoto.

Hawaoni utoto kama swali ni la kwao. Chukua swali la utafiti la mmoja wao ndio liwe la kuwindwa. Tahadhari moja tu: vyuo vingi vinatumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaanza na herufi, kwa mfano DT ni historia ya Afrika na Kiswahili kiko ndani ya PL. Foleni inachezeka vilevile.

## KUTAFUTA KWENYE KATALOGI NA MTANDAONI

AND, OR na NOT, yale maneno ya kuunganisha unachotafuta kwenye kompyuta, nayafundishaje? Wakisikia tu wanasinzia.

Wasimamishe. "Wenye sweta NA viatu vyeusi wasimame." Wachache. "Wenye sweta AU viatu vyeusi." Darasa zima limesimama. "Wenye sweta SIO wa bweni." Wanacheka, wanasukumana, mtu anabishana kama anahesabika au hahesabiki, na dakika tano wameelewa kitu ambacho nilikuwa nakimaliza kwa saa nzima: NA (AND) inapunguza, AU (OR) inaongeza, SIO (NOT) inatoa. Alafu mmoja awe mtafutaji, anataka kubakiza watu wanne tu wamesimama, atunge sentensi yake. Huyo amekwishajua kutafuta, bado kompyuta tu.

Nimefundisha kuweka nyota (*) mwisho wa neno lakini kwa Kiswahili haileti kitu.

Hapa ndipo wengi wanakwama na hakuna anayewaambia, kwa hiyo nitaeleza kidogo kwa urefu. Ile nyota ilitengenezewa lugha kama Kiingereza ambayo neno linabadilika mkiani: farm, farmer, farming, ukiandika farm* unazoa yote. Kiswahili kinabadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo, kulima, ukiweka nyota mwisho wa mkulima umepata mkulima peke yake, na katalogi nyingi hazikubali nyota mbele.

Kwa hiyo anayetafuta kwa Kiswahili lazima atumie AU: mkulima OR wakulima OR kilimo. Mchezo wake nauita Ukoo. Unatoa shina, mfano lim, som, fany, timu inaandika ndugu wote wa neno hilo kwa dakika mbili, alafu mnayaingiza kwenye katalogi au Google moja moja na kuhesabu nani kaleta kitu ambacho mwenzake hakukileta. Siku moja kikundi kiliandika msomi, wasomaji, kisomo, usomaji, na kisomo ndicho kilichotoa matokeo yenye maana kwenye mada yao ya elimu ya watu wazima, hakuna hata mmoja aliyekitegemea. Walimu wa Kiswahili wanaupenda sana huu kwa sababu ni somo la ngeli na unyambulishaji mulemule, na kwangu mimi ni raha kuona lugha yetu inatengenezewa njia yake ya kutafuta.

Bando hatuna, tunafanyaje kazi ya mtandaoni?

Chapa au nakili kwa mkono kurasa za matokeo. Kadi kumi, kila moja matokeo ya kutafuta: jina la tovuti, kichwa, mistari miwili. Watoto wachague watafungua zipi tatu na kwanini. Ujuzi uko kwenye kuchagua.

## HABARI FEKI NA AKILI BANDIA

Kuna mchezo wa kuwafundisha kutambua habari za uongo?

Upo. Unaojulikana sana ni Bad News, uliotoka mwaka 2018, ulitengenezwa na watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, pamoja na kikundi cha Uholanzi. Mchezaji anakuwa yeye ndiye mtunga uongo, anajifunza mbinu zao: kujifanya mtu mwingine, kuchochea hasira, kugawa watu. Wazo ni kama chanjo, unapewa kidogo mwili uizoee, na wazo hilo William McGuire alilianzisha kwenye saikolojia miaka ya 1960.

Bila intaneti mimi nafanya hivi. Kila kikundi kiandike meseji mbili za kusambazwa, moja ya kweli na moja ya kutunga, mambo wanayoyajua: nafasi za ajira, dawa ya asili, maji kukatika. Wengine wakisoma wanaruhusiwa kuuliza maswali manne tu: nani kaandika, nani mwingine kasema, ilianzia wapi, na kwanini inanikimbiza nisambaze sasa hivi. Hilo la mwisho ndilo linalonasa uongo mwingi, maana "tuma kwa watu kumi kabla ya saa sita" haina sababu nyingine.

Lakini si unawafundisha kutunga uongo?

Wasiwasi ni halali. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kosa kusambaza taarifa ukijua ni za uongo. Kwa hiyo sheria zangu hazina mjadala: kwa karatasi tu, hakuna simu, hakuna jina la mtu halisi wala la taasisi halisi, na mwisho wa kipindi karatasi zote nazikusanya nazichana mbele yao. Usilegeze hapo hata kidogo, picha moja ikipigwa ikaingia kwenye magrupu mchezo umekwisha na wewe una kesi.

Wanafunzi wangu sasa wanamuuliza ChatGPT kila kitu. Michezo ya maktaba ina kazi gani tena?

Ina kazi kuliko zamani. Zile programu zinaweza kukutungia kitabu ambacho hakipo, na mwandishi, na mwaka, vyote vimepangwa vizuri mpaka unaamini. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Wasomi hao.

Mchezo: orodha ya vitabu na makala sita, viwili vimetungwa, vitafute. Wanaanza kukagua katalogi, wanaangalia ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Hapo wafundishe hesabu yake, ni tamu: ISBN ya siku hizi ina tarakimu 13, ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo mpaka mwisho, jumlisha, jibu likigawanyika kwa 10 bila baki namba iko sawa. Isipogawanyika kuna kosa. Ikigawanyika bado haimaanishi kitabu kipo, waambie na hilo.

## HALI ZA PEMBENI

Mkuu wa shule anasema maktaba ni mahali pa ukimya.

Yuko sahihi kwa wanaosoma. Cheza nje chini ya mti, au saa ambayo maktaba imefungwa, na Foleni chezea ndani maana haina sauti. Usianze kwa kubishana naye, mwalike aone raundi moja.

Wazazi wameona kadi wakasema tunafundisha kamari.

Sikiliza, usidharau, kubeti kumeharibu vijana na mzazi ana haki ya kuogopa. Usitumie karata za dukani, tengeneza za manila. Hakuna pesa wala kitu cha thamani kinachowekwa. Na badala ya "beti" sema "bashiri", mimi mwenyewe nimeanza kujirekebisha.

Zawadi je?

Ndogo na ya timu, au kuruhusiwa kuazima kitabu cha ziada. Soda ilinifundisha.

Nina mtoto asiyeona.

Foleni inachezeka kwa kadi za nukta nundu, na namba zinasomeka kwa vidole. Ukiwa karibu na Buigiri, hapa hapa Chamwino, kuna shule ya wasioona yenye walimu wanaoijua kazi hiyo, waulize kabla hujabuni chako. Na usimfanye awe mtunza pointi kila mara, hiyo ni kumtoa mchezoni kwa adabu.

Nitathibitishaje kwa mwalimu mkuu kwamba imesaidia?

Kabla hujaanza, wape watoto kumi kikaratasi chenye mahitaji matano, andika wangapi wamefanikiwa na kwa muda gani. Wiki tatu baada ya michezo rudia na mahitaji mengine matano, bila mchezo, bila pointi, bila wewe kusimama karibu. Ni muhimu wiki zipite, kesho yake kila mtu anakumbuka. Angalia pia daftari la kuazima na vitabu vinavyorudishwa sehemu sahihi.

Wamechoka, wanasema mchezo huu tumeshaujua.

Basi wakabidhi. Fom tuu waandike maswali ya kuwindia fom wani, lakini kila swali lazima waje na ukurasa wa jibu, na wewe na aliyeliandika mnalikagua shelfuni kabla halijatumika. Aliyeandika swali zuri ametafuta mara tatu zaidi ya atakayelijibu. Muhula uliopita nililetewa hili na binti mmoja: "Babu anasema michoro ya Kolo, Kondoa, ilichorwa na mababu zake. Kitabu gani kitanisaidia nijue, na kama hakipo hapa, niende wapi?" Hakikuwepo. Tuliandika pamoja orodha ya pa kuulizia, na hiyo orodha imebandikwa kaunta mpaka leo.